Kiti cha Koplo Eliamini

Mto wa kiti ulikuwa na joto.

Namelok aliugusa tena, safari hii kwa kiganja kizima. Ilikuwa saa mbili asubuhi, mwezi wa saba, na ukungu wa Meru ulikuwa umeshuka mpaka Moshono ukafunika migomba na mapaa. Hata sufuria jikoni zilikuwa baridi kama zimetolewa mtoni. Kiti kile hakikuwa karibu na jiko wala dirisha, na hakuna mtu aliyekuwa na ruhusa ya kukikalia. Lakini joto lilikuwapo, katikati ya mto, mahali pale pale ambapo mtu mzima angeketi muda mrefu kisha akainuka sasa hivi.

"Nice!" aliita. "Umekaa kwenye kiti cha baba?"

Binti yake wa miaka sita alichungulia kutoka chumbani, soksi moja mguuni, nyingine mkononi.

"Siyo mimi, mama."

"Nani sasa?"

Nice alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la wazi kabisa. "Si ni mwenyewe."

Kiti chenyewe kilikuwa cha mninga, kina mikono mipana na mto wa mahameli mwekundu. Kililetwa miezi tisa iliyopita na Kamati ya Kuwaenzi Mashujaa, ambayo mwenyekiti wake, Oscar, alikuwa mtu wa kugombea kila kinachogombewa. Koplo Eliamini, mume wa Namelok, alikuwa ameuawa akilinda amani nje ya nchi. Kamati ikaamua kila familia ya askari aliyeanguka ipewe kiti cha heshima: kikae sebuleni, kisikaliwe, kifutwe vumbi kila asubuhi, na kila mgeni asimame mbele yake aseme, "Karibu, shujaa wetu." Mgongoni palipigiliwa kibao cha shaba: SHUJAA WETU. Jina halikuwapo. Vibao vilichongwa kwa pamoja, Oscar alieleza, na kuandika jina moja moja kungechelewesha sherehe.

Mtu anaweza kuuliza hapa: ubaya uko wapi? Mashujaa waheshimiwe. Sawa, waheshimiwe, nani amekataa? Lakini kilichofika ni kiti. Barua ya kumwombea Nice nafasi ya shule, iliyotangazwa kwenye kipaza sauti watu wakapiga makofi, haikufika. Fundi wa kumalizia paa la jikoni, naye aliyetangazwa, hakufika. Mtu wa kukaa na mjane mchana mmoja tu, asihutubie, amenye naye ndizi, hakufika. Walifika wapiga picha.

Na wageni. Kila baada ya wiki mbili tatu, Oscar alikuja na ujumbe mwingine. Walipanga mstari mbele ya kiti, wakasema karibu shujaa, wakasifu ushujaa, wakanywa soda, wakaondoka. Walipoondoka, mto wa mahameli ulikuwa umebonyea zaidi kidogo kuliko walivyoukuta. Namelok aliliona hilo mapema. Akajiambia ni sponji tu, mafundi siku hizi wanaweka sponji mbovu.

Sponji haina joto.

Baada ya asubuhi ile, mambo yalianza kuja mchana, saa tisa, wakati ambapo hata kuku wanalala kivulini. Kwanza harufu: dawa ya viatu, nyeusi, nzito, na chini yake harufu ya udongo uliofukuliwa. Kisha hatua. Buti mbili zikitembea sebuleni, zimelingana kama saa ya ukutani, kutoka kwenye kiti mpaka dirishani, kutoka dirishani mpaka kwenye kiti. Namelok akiwa jikoni alisimama na kijiko mkononi akahesabu hatua kumi na mbili. Alipoingia sebuleni hapakuwa na mtu. Mahameli ilikuwa inajinyoosha taratibu.

Alifanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Alikibeba kiti akakiweka stoo, juu yake akaweka gunia la mahindi. Usiku ule alilala. Siku ya pili Oscar akaja na ujumbe kutoka mjini.

"Mama Nice, kiti kiko wapi?"

"Nimekiweka stoo kidogo, mwenyekiti. Kinatusumbua."

"Kinawasumbua?" Oscar aliwageukia wageni akicheka kwa aibu, kama mtu ambaye mtoto wake amejikojolea kanisani. Kisha akasogea, akashusha sauti. "Mama, unajua watu watasema nini? Shujaa wa taifa umemfunika na mahindi. Na mimi nitaitetea vipi barua ya mtoto, nikiulizwa kama familia inamheshimu marehemu?"

Kiti kikarudi sebuleni, kimebebwa na vijana wawili. Walihema. Jana yake Namelok alikuwa amekibeba peke yake.

Kuanzia siku hiyo Nice aliacha kucheza nje. Alikaa kwenye mkeka mbele ya kiti, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti, akisikiliza. Mama yake alisimama nyuma ya pazia la mlango, akazuia pumzi, akasikia sauti ya mwanamume. Haikuwa ya chini wala ya juu. Ilitoka usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi.

"Marehemu alikuwa hodari," ilisema. "Marehemu alikuwa mtu wa nidhamu. Marehemu hakujua woga."

"Eti baba, unakumbuka ulivyokuwa unaniimbia?" Nice aliuliza.

Sauti ikajibu: "Marehemu alikuwa mfano wa kuigwa."

"Nice!" Namelok alivuta pazia. Alimshika mtoto mkono akamtoa nje mpaka kwenye ua, kwenye ukungu. "Unaongea na nani mle ndani?"

"Na baba."

"Yule siyo baba yako."

"Ni baba, mama. Amesema yeye ndiye. Amesema hakuwahi kunibeba mabegani, nimeota tu. Na hakuwahi kucheka." Mtoto alikunja uso, akitafuta kitu ndani ya kichwa chake na kukikosa. "Mama, baba alikuwa anacheka?"

Namelok alifungua mdomo kujibu. Alikuwa anacheka, ndiyo. Alikuwa na kicheko cha… Kilianzia wapi? Kifuani? Puani? Alikuwa anarusha kichwa nyuma, au yule alikuwa kaka yake? Miaka minane ya ndoa, na mwanamke yule akasimama uani kwake akitafuta kicheko cha mumewe kama mtu anayepapasa swichi ukutani gizani, na ukuta ukawa mtupu.

Mchungaji wa usharika alikuja, akaomba, akaimba pambio, na bahati mbaya, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, akamaliza kwa kumshukuru Mungu kwa ajili ya shujaa wetu. Kiti kikatoa mlio wa kuridhika.

*

Namelok alikuwa mshonaji katika duka la vitambaa na sare la Bi Rozmin, mjini. Familia ya Bi Rozmin ilikuwa imeuza vitambaa mtaa ule tangu enzi za babu yake, na mwenyewe alijua saizi ya kila mtoto wa Arusha na siri za nusu ya mama zao. Siku ya Jumatano alimtazama Namelok akishona mfuko wa kaptula nje ndani.

"Namelok, hiyo mfuko utaweka nini? Hewa?"

"Samahani, bi."

"Usiniombe samahani, mimi siyo kaptula. Kuna nini?"

Namelok aliona haya kusema. Badala yake akasema anataka kusikia sauti ya mumewe. Alikuwa na ujumbe wa sauti kwenye simu, arobaini na kitu, ambao Eliamini alimtumia akiwa kule. Hakuwa ameusikiliza kwa miezi kwa sababu ulimuumiza. Kulikuwa na mmoja aliokuwa akiujua kwa moyo, wa mbu. Alikuwa akisema mama Nice huku kuna mbu wakubwa kama vifaranga, jana mmoja kachukua blanketi langu. Akaubonyeza.

"Nilikuwa hodari," simu ilisema. "Nilikuwa mtu wa nidhamu."

Aliubonyeza mwingine, ule wa siku ya kuzaliwa ya Nice, aliokuwa ameimba akakosea maneno, na simu ikasema nilitumikia kwa uadilifu, akabonyeza mwingine, ule wa kumuulizia mama yake mgongo, na simu ikasema nilikuwa mfano wa kuigwa, akabonyeza wa mvua, wa viazi, wa siku waliyogombana akamwomba msamaha huku akipenga kamasi, akabonyeza mmoja baada ya mwingine huku vitambaa vikimwanguka kutoka mapajani, na kila mahali ambapo palikuwa na mume sasa palikuwa na hotuba, sauti ile ile, utulivu ule ule, mpaka akafika wa mwisho kabisa, wa asubuhi aliyokufa, ambao ulikuwa wa sekunde nne tu na haukuwa na neno lolote isipokuwa yeye akipiga miayo na kusema haya, na badala ya miayo ile akasikia pumzi ya mtu aliye karibu sana na sauti ikimwambia taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma: "Karibu, shujaa wetu. Sema."

Simu ilianguka. Bi Rozmin aliiokota, akaitazama, akaigeuza kifudifudi juu ya meza.

"Huyu ndiye mumeo?" alinong'ona. "Mbona anaongea kama mgeni rasmi?"

Ndipo Namelok akaeleza yote. Bi Rozmin hakucheka. Alifunga mlango wa duka saa tano ya mchana, kitu ambacho mtaa mzima haukuwahi kukiona.

"Marehemu bibi yangu alikuwa anasema majini wana vyakula vyao," alisema. "Yuko wa damu, yuko wa manukato. Na yuko wa sifa. Huyo ndiye mbaya, kwa sababu sisi wenyewe ndio tunampikia. Mkimsifu mtu asiyekuwepo, bila kumtaja, bila kumjua, anakuja yeye anasema ndiyo, ni mimi. Anakaa. Halafu anamfuta mwenyewe, maana watu wawili hawakai kiti kimoja."

"Sasa atatokaje?"

"Hapo sijui. Kwetu tungesoma kisomo. Lakini yeye amekaribishwa na ninyi, kwa desturi zenu." Alifikiri. "Nyie mkizika, mnamaliza vipi? Kuna kitu mlikiruka?"

Namelok hakuhitaji kufikiri. Alikuwa amekaa na jambo hilo mwaka mzima kama mwiba kwenye nyayo.

Siku ya mazishi, Kikwe, nyumbani kwa kina Eliamini, askari walifanya sehemu yao vizuri, hakuna wa kuwalaumu: walibeba jeneza bila kutikisika, wakapiga risasi hewani, mpiga tarumbeta akapiga huku machozi yakimtiririka wazi wazi. Lakini kabla ya hapo, langoni, alikuwa amefika Bibi Nakunda. Bibi Nakunda alikuwa Mpare, na ukoo wake na ukoo wa kina Eliamini walikuwa watani tangu babu zao walipochimba mfereji mmoja. Hakuna aliyezikwa kwa kina Eliamini bila watani. Wao ndio wanaovaa nguo za marehemu, wanamwigiza anavyotembea, wanamtukana maiti mpaka mjane anacheka bila kutaka, na akishacheka, ndipo kilio cha kweli kinapopata njia. Bibi alikuja amevaa koti kuukuu la Eliamini kinyumenyume. Oscar, aliyekuwa msimamizi wa shughuli, akamzuia langoni. Akasema leo hakuna mzaha, huyu siyo maiti wa kawaida.

Na Namelok, mita tano kutoka pale, aliona. Angeweza kusema mwacheni aingie. Aliona suti, aliona maua, aliona aibu. Akainamisha kichwa.

*

Kesho yake alikwenda Kikwe. Bibi Nakunda alikuwa akipukuchua mahindi barazani, wala hakuinua macho.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekuja kunirudishia mume wangu? Mlimzika kama kabati. Mbao juu, mbao chini, na hotuba katikati."

"Nimekosa, bibi."

"Umekosa sana. Nilirudi nyumbani na koti lake, nikamcheka peke yangu. Unajua inavyokuwa kumcheka mtu peke yako? Jirani walidhani nimepata wazimu."

Namelok alipiga magoti kwenye maganda ya mahindi, akaeleza. Bibi Nakunda alisikiliza huku vidole vikiendelea na kazi. Aliposikia kwamba mtoto ameambiwa baba yake hakuwahi kucheka, vidole vikasimama.

"Sherehe ya mwaka ni lini?"

"Jumamosi. Mchana. Oscar anakuja na watu wengi."

"Vizuri. Tutamngoja ashibe. Chatu humwendei akiwa na njaa." Akarudi kwenye mahindi. "Na uniwekee nyama. Siyo mifupa kama ile ya harusi yenu."

*

Jumamosi ukungu haukuondoka. Saa nane mchana taa ya sebuleni iliwashwa, na bado nyuso zilionekana kama zimechorwa kwa mkaa. Watu walijaa mpaka barazani. Bibi Anaeli, mama yake Eliamini, alikaa pembeni amejifunika shuka, mdomo umefungwa kama alivyoufunga mwaka mzima. Karibu na mlango alisimama mwanamume mrefu asiye na sare, Sajenti Lerionka, aliyekuwa na Eliamini kule na ndiye aliyemleta nyumbani. Hakuna aliyempangia kuongea. Mbele kabisa kilikuwa kiti, na Nice ameketi miguuni pake na gauni jeupe, kwa agizo la Kamati, kwa ajili ya picha.

Oscar alianza. Alimwita shujaa, na harufu ya dawa ya viatu ikapanda. Alimwita simba, na mto ukabonyea watu wakiona, wakajifanya hawaoni. Alimwita nguzo, mwenge, ngao, na kila jina lilipoanguka mninga ulilia, mikono ya kiti ikapanuka kama inashikwa, kibao cha shaba kikatoa jasho, na Namelok akamwona binti yake akiinuka polepole bila kushikwa na mtu, gauni limevutwa kwapani kama mtoto anayepakatwa, nyayo zimeacha mkeka, akapanda, akakaa hewani kidogo juu ya mto, juu ya mapaja ambayo hayakuonekana, akageuza uso kwa watu, na kutoka kwenye kinywa kile kidogo chenye pengo la meno mawili ikatoka sauti ya mwanamume mzima ikisema marehemu alikuwa hodari, marehemu hakujua woga, marehemu hakuwa na mke wala mtoto, marehemu alikuwa wa taifa. Na Oscar, Mungu amsamehe, akapiga makofi, akidhani mtoto amefundishwa shairi.

"Bibi!" Namelok alipiga ukelele. "Bibi Nakunda, ingia!"

Mlango wa jikoni ukafunguka. Alitoka kizee mfupi, amevaa koti la mwanamume kinyumenyume, soksi za kijivu ndani ya ndala, kisigino kimoja kimetupwa nje, anatembea kama mtu ambaye mguu mmoja unakwenda Kikwe na mwingine umeitwa Sekei.

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajiziba mdomo.

"Bibi, tafadhali," Oscar alisema kwa meno. "Tuna wageni wa heshima."

"Wakae. Mimi nimekuja kwa marehemu." Alimzunguka Oscar akimnusa. "Mwenyekiti, wewe unayemjua sana. Alikuwa anaogopa nini?"

"Koplo hakuogopa kitu chochote."

Kiti kililia kwa raha. Nice akatabasamu tabasamu ambalo halikuwa lake.

"Vyura!" Bibi Nakunda alipaza sauti. "Eliamini Mbise, mtu mzima, na bunduki begani! Chura mmoja aliingia chooni kwangu, jitu likatoka mbio na suruali magotini, likapita mbele ya mama mkwe!"

Safari hii walicheka wengi, kicheko cha woga, kinachotafuta ruhusa. Mto ulitikisika. Sauti kwenye kinywa cha Nice ikasema marehemu alikuwa mtu wa nidhamu.

"Nidhamu!" Alikuwa Bibi Anaeli. Shuka lilimwanguka mabegani. Watu walimgeukia mama ambaye hakuwa ametamka neno kwa miezi. "Aliniibia maziwa ya loshoro kwenye kibuyu kila Jumapili, akajaza maji. Nikadhani ng'ombe anaumwa. Nikamwita daktari wa mifugo!"

"Na kuimba je?" Bibi Nakunda alipokea. "Kwaya ya vijana ilimpa kazi ya kushika vitabu!"

"Alilia Nice alipochomwa chanjo," Namelok alisema. Hakujua neno hilo limetoka wapi. Lilikuja lenyewe, lenye maji maji, kama mtoto anayezaliwa. "Mtoto hakulia. Nesi akampa yeye pipi."

Chumba kikapasuka. Katikati ya kicheko, kitu kwenye kiti kilianza kuongea haraka, hodari, mfano, uadilifu, nguzo, nguzo, kama mwanafunzi aliyekariri swali moja akakuta lingine, na harufu ya udongo ikawa kali watu wakakohoa, na Nice akaanza kutetemeka kichwa mpaka miguu. Hapo Sajenti Lerionka akatoka mlangoni. Alipita katikati ya watu, akapiga goti mbele ya mtoto, akamtazama machoni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Nice, mimi nilikuwa na baba yako siku ile. Aliogopa. Aliniambia, Leri, leo naogopa, mikono inanitetemeka, nishikie kikombe. Nikamshikia. Akanywa chai. Halafu akaenda, kwa sababu kulikuwa na watu kule chini ya daraja, na watoto. Aliogopa sana, na akaenda."

Hakuna aliyecheka. Nice alianguka kutoka pale alipokuwa amening'inia, akaangukia mikononi mwa sajenti, na kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, yenye kamasi, akasema, "Alikuwa ananibeba mabegani."

"Alikubeba," Lerionka alisema. "Alituonyesha picha mpaka tukachoka."

Bibi Nakunda alikunja koti, akageuka, akakaa kwenye kiti. Alikaa kwa kishindo, na makalio yote. Kitu kilitoka chini yake kwa mlio wa hewa kama mpira uliotobolewa. Kila mtu aliyekuwa sebuleni alisikia buti: hatua zisizolingana sasa, zikigongana, zikipita kwenye korido, na kila aliyepitiwa alihisi baridi kwenye goti. Kuku walitawanyika uani. Oscar alikuwa ameshatoka kabla ya wengine, akisema ana kikao. Alipoondoa gari, watu wa barazani waliona upande wa nyuma umelala chini, kama amepakia mtu mzito, na dirisha la nyuma lilikuwa na ukungu kwa ndani.

Kamati haikuandika barua yoyote. Ujumbe wa sauti kwenye simu haukurudi ulivyokuwa. Ulikaa kimya, wote, kila mmoja na urefu wake. Hivyo ndivyo jini alivyouacha. Tusidanganyane kwamba jini akitoka anarudisha alichokula.

Lakini hayo yalijulikana baadaye. Jioni ile, wageni wa heshima walipokwisha kuondoka, Nice alikuwa amelala mapajani mwa mama yake kwenye mkeka, macho wazi. Bibi Nakunda alikuwa anatafuna nyama kwenye kiti, akilalamika kuwa ni ngumu.

"Mama," Nice alisema. "Yule ametoka."

"Ametoka, mwanangu."

"Kwa hiyo sasa hapo kuna bibi tu." Alikitazama kiti. "Kwa hiyo baba amekufa."

Mwaka mzima hakuna aliyekuwa amemwambia mtoto neno hilo. Walimwambia ameanguka. Walimwambia ametangulia, ametukuka, anaishi mioyoni mwetu.

"Ndiyo," Namelok alisema. "Baba amekufa."

Nice alivuta pumzi, akalia. Namelok akalia naye. Hakikuwa kile kilio cha kufuta macho kwa kona ya kitambaa; kilitoka tumboni, kikainama naye mpaka paji la uso likagusa sakafu. Bibi Anaeli akapokea, sauti ya juu, ya Kimeru, ya zamani, na Bibi Nakunda akatupa mfupa, akashuka kitini, akalia kuliko wote.

Sauti ilitoka nje, ikavuka ua. Nyumba ya pili walizima redio. Mama mmoja alikuja, amebeba kuni kichwani, hakuuliza kitu, akazitua jikoni, akaketi. Akaja mwingine na ndoo ya maji. Akaja mzee na mkeka wake mwenyewe. Hakuna aliyehutubia. Sajenti Lerionka alivua viatu, akakaa chini kati yao, na mtu akampa ndizi na kisu, akaanza kumenya.